Nzuri ya Wodini

Ukimwuliza Daktari habari, hakujibu. Alikutazama kwa juu ya miwani yake mpaka ukaona haya kwa kuuliza, kisha akasema lililokuwepo: goti linauma, chumvi imekwisha, mwanawe hajapiga simu. Na akikuuliza yeye, ole wako ujibu "nzuri".

"Nzuri ya nani?" alifoka. "Hiyo nzuri ya wodini. Sema ugonjwa."

Neno hilo alikuwa na kisa nalo. Ujanani aliletwa Pemba pamoja na madaktari wengine wa Kichina, akaondoka, akarudi tena na tena, na Kiswahili chake chote alikiokota kwa wagonjwa. Neno la kwanza alilofundishwa ni "habari". Basi akina mama walimjia wamebeba watoto wanaotetemeka kwa homa, naye anauliza, habari? Nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Nzuri, alhamdulillahi, na huku mtoto macho yamegeuka. "Nilidhani kisiwa kizima kina wazimu," aliniambia. Baadaye alielewa kwamba ni adabu tu, kwamba kwetu nzuri hutangulizwa kwanza kama mtu anayetandika mkeka, ndipo msiba ukaribishwe ukae. Alielewa, lakini hakusamehe. Alikuwa akisema wako watoto ambao nzuri ile iliwachelewesha.

Alizaliwa lini na ni binti wa nani, sitasema, maana hakuniambia. Aliyemdadisi ukoo alijibiwa kwamba mambo ya damu huulizwa maabara.

Mimi nilimkuta dukani Merrylands, hapa Sydney, kwenye foleni. Nilikuwa nikimgombeza binti yangu kwa jambo ambalo leo silikumbuki, kwa Kiswahili, nikijua hakuna anayenielewa. Sauti nyuma yangu ikasema, "Mtoto hana kosa. Weye ndiye hukula tangu asubuhi, midomo imekauka." Nikageuka, nikaona bibi wa Kichina, mfupi, kavaa sweta la kijani, kabeba mfuko wa mchele. Mayai yaliniponyoka. Kile hakikuwa Kiswahili cha darasani. Kilikuwa cha Pemba, cha zamani, kina maneno ambayo mara ya mwisho niliyasikia kinywani mwa bibi yangu. Akamgeukia binti yangu, akamwuliza jina lake na anasoma darasa gani.

"Year Eight," binti yangu akajibu.

"Nimekuuliza kwa Kiswahili."

"I know, but..."

"Basi nijibu kwa Kiswahili. Mimi Mchina naweza, weye Mzanzibari una udhuru gani?"

Binti akaniangalia nimwokoe, sikumwokoa. Tangu siku hiyo Daktari akawa jirani yangu, ingawa tulikuwa tukikaa barabara mbili tofauti.

Sasa niseme kilichonikera, maana kilinikera sana na bado kinanikera. Habari zilipoenea kwamba Merrylands kuna Mchina anayesema Kiswahili, watu wetu walimjia kama wanaokwenda kwenye sarakasi. Wabongo, Wakenya, Warundi, wote. Kwenye sherehe moja ya uchumba, ukumbini Smithfield, kijana mmoja alimsogezea simu usoni. "Bibi Mchina, sema mambo! Sema mambo vipi!" Daktari akamshika kope la chini, akalivuta, akamwambia damu yake haitoshi, akapime kesho. Kijana alicheka mpaka akainama, akairusha video mtandaoni, na watu wakaicheka mabara yote. Mimi kila siku nasema Kiingereza ghalani Wetherill Park, na lafudhi yangu ya Mchangani haijifichi, lakini sijaona mtu akinirekodi kama kasuku. Mzee wa watu kajifunza lugha yetu kwa kukesha na wagonjwa wetu, sisi tunamfanya kichekesho!

Na hao hao waliocheka, migongo ikiwauma walipanda ngazi zake. Walitaka sindano za Kichina. Alikataa katakata. "Hapa sina leseni," alisema, "na weye huna ugonjwa wa sindano, una ugonjwa wa kukaa." Lakini kabla hujafika mlangoni alikwishakushika kifundo cha mkono, akafumba macho, akausikiliza mshipa wa damu. Kisha tiba, ambayo daima ilikuwa moja: maji ya moto. Uwe na mafua, maji ya moto. Umeachwa na mume, maji ya moto. Alikuwa akiamini barafu ni adui wa binadamu. Na bado, akija kwangu, nilimkuta kaingiza mkono kwenye friza, anafyonza barafu za ubuyu nilizowagandishia wanangu, amegeukia ukutani. "Napima sukari yake," alisema.

Nyuma ya jengo alilokaa Daktari kunapita mfereji wa zege, wa kutoa maji ya mvua, una uzio pande zote na toroli la dukani limelala ndani yake mwaka hadi mwaka. Huko ndiko alikotembea kila asubuhi, mikono nyuma, akiufuata uzio. "Maji wameyafunga jela," alisema. Hasira zake juu ya mfereji ule zilikuwa kubwa kuliko hasira zake juu ya mtu yeyote. Alizaliwa, hilo alinisimulia, Suzhou, huko Uchina, kwenye mtaa wa kale wa kando ya mfereji, ambako kila nyumba mlango wa mbele unatazama uchochoro na wa nyuma unatazama maji. Ngazi za mawe zinateremka mpaka majini. Pale ndipo walipooshea mchele, walipofulia, walipogombana. Mashua za mboga zilipita chini ya madirisha, na mwenye nyumba aliye juu aliteremsha kikapu kwa kamba, muuza mboga akatia vitunguu, kikapu kikapanda.

Aliponieleza kikapu nikaruka. Bibi yangu, Mpemba aliyeolewa Mji Mkongwe, hakuwahi kushuka kununua kitu! Alisimama dirishani na buibui lake, akamwita muuza pweza, akateremsha kikapu kwa kamba kutoka ghorofani. Daktari alijipiga paja. Tulicheka sote wawili kando ya uzio ule mpaka akavua miwani kufuta machozi. Wiki iliyofuata nikapita chini ya roshani yake nikitoka kazini, nikasikia, "Simama hapo," nikatazama juu, na kikapu kinashuka.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mimi natia mandazi, yeye anateremsha mboga za majani za Kichina alizozipanda kwenye ndoo kuukuu za rangi. Mpaka msimamizi wa jengo akaja na kusema kikapu ni hatari. Hatari! Jengo lile lina mitungi ya gesi roshani zote, lina mbwa anayebweka tangu alfajiri, lina lifti inayokwama na watu ndani, lakini hatari ni kikapu cha bibi kizee chenye vitunguu vya majani. Mwanawe alimwomba radhi msimamizi, tena kwa kuinama, akapanda juu akaikata kamba kwa mkono wake. Mwanawe alipoondoka, Daktari akafunga kamba nyingine.

Huyo mwanawe ni mhandisi, mtu mpole, viatu vinang'aa. Alikuja kila Jumapili na matunda. Na kila Jumapili mama yake alimwuliza swali moja, wanarudi lini Suzhou, naye akajibu jibu moja: mwakani, Mama. Nyumba inatengenezwa, mafundi wako kazini, paa lilikuwa linavuja. Mwakani.

Daktari mwenyewe hakuwahi kuisifia nyumba ile. Alisema ina unyevu, ina mbu, ukikohoa jirani anakwambia pole, na kiangazi maji yananuka mpaka wali unanuka. "Nyumba mbaya kabisa," alisema, kisha palepale, bila kubadili sauti, "nataka nifie mule." Kwa sababu hiyo hakupanda lifti. Ngazi za nyumbani kwao zilikuwa za mbao na kali, na alitaka miguu imfae siku atakayorudi. Nilimkuta mara nyingi amesimama katikati ya ngazi za Merrylands, mkono ukutani, anahema. Ukitaka kumshika alikutoa mkono. "Nafanya mazoezi ya kwetu," alisema.

Basi mwaka ule ndugu yangu akaolewa Unguja, na tiketi niliyoipata ilipitia Shanghai, na kulala huko kidogo. Nilipomwambia Daktari, alizima jiko.

"Pita kwetu," alisema. "Angalia paa. Mwanangu anasema mafundi, mafundi, mafundi gani hawa hawamalizi? Nataka nisikie kwa mtu mwenye macho."

Alinielekeza kwa mdomo, akanirudisha mwanzo kila nilipokosea. Ukishuka kituoni, tafuta mfereji, usifuate barabara, fuata maji. Utaona daraja la mawe lenye mgongo, kona yake moja imemeguka, kaka yake ndiye aliyeimegua kwa mashua. Vuka, shika kushoto. Nyumba yenye ngazi pana kuliko za jirani, ndiyo hiyo. "Na ukifika," alisema, "kaa kwenye ngazi, tia miguu majini. Mtu akikuuliza, sema umetumwa na daktari wa Afrika."

Treni kutoka Shanghai ilinifikisha kabla sijamaliza chai. Nikafuata maji. Daraja nililiona, na kona iliyomeguka nikaishika kwa mkono wangu, nikafurahi kama nimekutana na ndugu. Furaha yangu iliishia hapo.

Mtaa ulikuwa mzuri. Siwezi kukataa. Kuta nyeupe, vigae vyeusi, taa nyekundu zimening'inia juu ya maji. Na watu, Mungu wangu, watu! Wasichana wamekodi kanzu za hariri za enzi za kale, wanapigwa picha wakijifanya wana huzuni. Duka la vitana, duka la vipepeo vya kujipepea, halafu tena duka la vitana vilevile. Lakini nikatembea na kutembea mpaka nikagundua kinachokosekana. Sikuona nguo iliyoanikwa. Hata moja. Hakuna aliyeosha mchele, hakuna aliyegombana, hakuna aliyekohoa akaambiwa pole. Na kwenye kila dirisha la juu palikuwa na kikapu cha kamba, kimejazwa maua ya plastiki. Nilivuta kamba ya kimoja. Kilikuwa kimefungwa kwa waya ukutani. Kikapu kisichoshuka! Waliona watu wanateremsha vikapu, wakapenda wanavyopendeza, wakawaondoa watu, wakavipigilia vikapu.

Nyumba ya Daktari nilijua ni ile kabla sijafika, kwa upana wa ngazi. Ilikuwa nyumba ya wageni. Jiko la mama yake lilikuwa mapokezi. Paa halikuwa likivuja, nakuhakikishia, paa lilikuwa jipya kabisa. Nikashuka kwenye ngazi, nikakaa, nikavua viatu. Msichana wa kazi akanijia mbio, mpole sana, akanionyesha simu yake iliyotafsiri maneno: ngazi ni za wageni na za picha, tafadhali ninunue chai. Nikanunua chai kwa hasira, nikaishika tu. Nikaiambia simu imwulize, hapa alikuwa akikaa nani?

Akafikiri. Simu ikanijibu: "Hakukaa mtu. Ni nyumba ya kihistoria."

Nilitaka kuitupa ile chai majini. Bibi yule amejifunza kutembea ndani ya nyumba hii, amefua nguo zake za shule pale nilipokuwa nimekaa, na anaambiwa hakukaa mtu! Nikavaa viatu vyangu nikatoka kwa nyuma, na kule uchochoroni, ambako wenye kanzu za hariri hawaendi, nilimkuta bibi mmoja anasugua sufuria kwenye beseni. Huyo alikuwa amebaki. Nikamwambia kwa simu nimetumwa na daktari wa Afrika. Aliiacha sufuria. Alinishika mikono yote miwili na sabuni yake.

Yeye ndiye aliyenieleza. Familia zililipwa fidia zikahamishiwa maghorofa ya mbali. Mtoto wa daktari alikuja mwenyewe kutoka ng'ambo, bila mama yake, akakubali, akakabidhi nyumba. Si jana wala juzi. Kisha bibi yule akaisogelea simu, akasema neno fupi, na simu ikaniuliza: "Anarudi lini?" Nikabaki nimeishika, na yenyewe inasubiri niongee.

Harusi ya ndugu yangu niliicheza, akili iko Suzhou.

Niliporudi Sydney, mwanawe alikuwa akinisubiri chini ya jengo. Alijua nilikopita. Alizungumza kwa Kiingereza chake cha utaratibu. Nyumba ilikuwa inaoza, alisema. Mama angevunjika nyonga kwenye zile ngazi. Angekataa, na wangeiondoa hata akikataa. Na fidia ndiyo iliyonunua fleti hii anayoishi. "Please, sister," alisema. "Mwambie tu iko sawa. Anachotaka ni kusikia iko sawa."

Nikamwambia mama yako amekaa na akina mama wa Pemba akawaambia uso kwa uso kwamba mtoto amekufa, kwa lugha isiyo yake, halafu weye unamficha habari ya paa? Unamwacha apande ngazi kila siku kwa magoti yale, anajiandaa kwa nyumba uliyokwishaitoa? Alisema ataumia. Nikasema aumie, ni haki yake. Nikampita, nikapanda ngazi, nimeazimia kusema kweli tupu.

Daktari alikuwa amevaa sweta la kutokea. Maji ya moto yalikuwa tayari mezani. Hakuningoja nikae.

"Habari za kwetu?"

Na mimi, Mzanzibari mtoto wa Mzanzibari, niliyepanda ngazi zile na ukweli wote kinywani, nikajibu kabla sijafikiri:

"Nzuri."

Nilitamani niung'ate ulimi wangu. Yeye hakufoka. Aliweka kikombe chini polepole, akakaa, akanitazama kwa juu ya miwani kama alivyowatazama wote waliomjia na mtoto mgongoni.

"Nzuri ya wodini," alisema. "Sema ugonjwa."

Nikausema wote. Vitana, hariri, vikapu vya waya, chai, bibi wa sufuria. Mwanawe alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Maji yananuka?"

"Hayanuki, Daktari."

"Basi pale si kwetu," alisema.

Kisha akamgeukia mwanawe, akamwuliza kitu kwa Kichina, kifupi. Mwanawe akajibu akitazama viatu vyake. Daktari akaziangalia kuta za fleti, moja baada ya nyingine, na roshani yenye ndoo za rangi. "Anasema nyumba yetu ndiyo hii," akanitafsiria. Hakulia, wala hakumtukana. Mimi ndiye niliyelia, kwa ghadhabu, na mpaka leo nikikutana na mhandisi yule namsalimia kwa adabu huku moyo unanichemka.

Kikapu hakikushuka tena. Nilipita chini ya roshani na mandazi yangu, nikaita, akanijibu kwa ndani kwamba ameshiba. Kando ya mfereji sikumwona. Nilijiambia ni baridi.

Kisha siku moja mchana nikaingia jengoni kwao na kapu la barafu za ubuyu, nimeamua kumfuata mwenyewe. Nilikuwa nakwenda kwenye ngazi, kama tulivyozoea, nikasikia mlango wa lifti unafunguka. Daktari alikuwa ndani, peke yake, ameegemea ukuta. Miaka yote ile sikuwahi kumwona humo. Miguu ilikuwa bado inaweza, hilo nilijua. Ila hapakuwa na ngazi nyingine za kuiandalia.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba."

"Habari?"

Hakunitazama kwa juu ya miwani. Alitazama vitufe vya lifti.

"Nzuri," alisema.

Mlango ukaanza kujifunga, nikautia mguu. Ukanigonga kiatu, ukarudi, ukaja tena ukanigonga. Nikaingia, nikaliweka kapu sakafuni.

"Nzuri ya nani?" nikamfokea, na sauti ikanikatika katikati. "Hiyo nzuri ya wodini, Daktari. Sema ugonjwa."

Alivua miwani, akaanza kuusema, kuanzia paa la kwao.